Nimerudi kwenye ukili: shajara ya duka langu la vikapu mtandaoni, 2024

Ninaishi Tanga mjini. Nasuka vikapu na misala (mikeka ya kuswalia) kwa ukindu, yaani majani ya mkindu, nauza kupitia Instagram na WhatsApp, na mizigo naituma kwa basi. Nilianza katikati ya 2019, muda mfupi baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1 mwaka ule. Watu waliokuwa wameshasahau kikapu walianza kukiulizia, na mimi mkono wa kusuka nilikuwa nao tangu utotoni. Novemba 2023 niliacha. Shajara hii ni ya kurudi. Naandika Jumapili jioni, si kila wiki, ila kila hatua inapokamilika au inapoharibika. Nimeweka gharama zote, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokuwa natafuta mtu wa kumfuata nilikuta wengi wanaonyesha mauzo tu.

Januari 7

Mtaji: shilingi 86,000, vikapu 3 vilivyokwisha kushonwa, mafungu 6 ya ukindu mkavu, shazia (sindano kubwa) mbili, sufuria ya rangi.

Niseme kwanza kwa nini niliacha, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mwezi Oktoba niliweka picha ya kikapu cha 25,000. Mtu akaandika chini yake: "Elfu ishirini na tano kwa kikapu? Kwetu tunapewa bure." Watu 14 wakapenda maneno yake. Nilirudi kuyasoma kila usiku, wiki nzima. Siku zilizofuata kila mteja aliyeuliza bei nilimjibu kwa woga, na kabla hajasema neno nilikuwa nimeshapunguza hadi 20,000. Mwishowe nikawa naona aibu hata kufungua simu. Vidole vilikuwa vizima, lakini nafsi ilikuwa imesinyaa.

Kwa hiyo mradi wenyewe si kuuza vikapu vingi, bali kukaa kwenye kazi hadi Septemba bila kuikimbia. Nimenunua daftari la 1,500 na kulipiga mistari mitatu: siku nilizosuka, picha nilizoweka, vitu vilivyolipiwa. Siku inahesabika kuwa ya kusuka nikifikisha angalau nusu pima ya ukili. Ukili ni ule mkanda mrefu wa ukindu uliosukwa, ambao baadaye hushonwa kuwa kikapu, na pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Laiki na wafuasi sivihesabu popote. Mistari miwili ya kwanza iko mikononi mwangu. Wa tatu ni riziki, na riziki ina mwenyewe.

Januari 28

Jaribio la kwanza limeshindikana. Nilijiwekea kuposti kila siku kwa siku 30, kama wanavyoshauri wengi. Nimefika siku ya 11.

Kila siku nilitumia bando la 1,000, jumla 11,000. Picha nilizipiga usiku chini ya taa, na ukindu mweupe ukatoka na ukijani kama majani yaliyolala kwenye maji. Baya zaidi, simu ilikuwa mkononi muda wote. Nikishaweka picha narudi kuangalia nani kaiona, nakaa tena, narudi tena. Daftari linaonyesha kwamba kwa siku hizo 11 nimesuka pima 3 tu. Nilichoka na kazi ambayo sikuifanya.

Marekebisho: Jumamosi saa 2 hadi saa 4 asubuhi ni siku ya picha. Naweka kikapu barazani, jua likiwa pembeni, ukuta wa chokaa nyuma yake. Napiga picha za wiki nzima, kisha naziweka tatu: Jumapili, Jumanne na Ijumaa. Simu nimeizima milio yote ya Instagram, na asubuhi inakaa kabatini hadi baada ya adhuhuri. Wiki ya kwanza ya utaratibu huu nimesuka pima 6. Kikapu kimoja kimelipiwa, kwa bei ya zamani.

Februari 11

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipokuwa na kidonda.

Nilichukua saa ya ukutani nikaiweka mbele yangu, nikasuka kikapu kimoja huku nikiandika muda. Kikapu changu cha kawaida kinakula pima 5 za ukili wa vidole vitatu. Kuchana ukindu na kutia rangi, saa 2. Kusuka, saa 9. Kushona kili (ndiyo wingi wa ukili), saa 3. Mikanda na kitambaa cha ndani, saa 1. Picha, kujibu ujumbe na kufunga mzigo, saa 1. Jumla saa 16.

Vifaa: ukindu 4,500, rangi na mkaa 1,500, mikanda ya ngozi kwa fundi viatu 5,000, kitenge cha ndani 2,000, uzi, kifungo na karatasi 500, bando 500. Jumla 14,000.

Nikiuza 25,000 ninabaki na 11,000. Igawe kwa saa 16, unapata kama 687 kwa saa. Nilipokuwa napunguza hadi 20,000 kwa woga, nilibaki na 6,000, yaani 375 kwa saa. Miaka minne sikuwahi kuiandika hesabu hii. Nilikuwa nasikia aibu kutaja bei ambayo kumbe yenyewe ilikuwa inaninyonya.

Niliweka 38,000. Inabaki 24,000, ambayo ni 1,500 kwa saa, namba ninayoweza kuitamka bila kumeza mate.

Wiki ya kwanza watu sita waliulizia. Watano walipoona bei walinyamaza, tiki za buluu tu. Mmoja alisema, "Bei ipo juu mpenzi, nifanyie 25." Nilimwandikia maelezo marefu kuhusu ukindu, saa 16, mama mdogo aliyenifundisha, ngozi ya mikanda. Hakujibu. Nilipoyasoma tena kesho yake niliona ni maneno ya mtu anayejitetea mahakamani.

Nikaandika jibu fupi na kulihifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, ili siku nafsi ikiwa chini nisitunge upya: "Asante dada. Kikapu hiki ni 38,000, pamoja na mikanda ya ngozi na kitambaa ndani. Nina kidogo chake cha 24,000. Nikuwekee kipi?" Baada ya hapo naweka simu chini. Siongezi neno. Sehemu ngumu ni hiyo ya kuweka simu chini. Mara mbili niliishika tena nikaanza kuandika "ila nitakupunguzia", nikafuta.

Wiki ya pili vimelipiwa viwili, kimoja kikubwa kwa 38,000 na kimoja kidogo. Aliyelipa kikubwa hakuuliza chochote zaidi ya "unatuma Moshi?" Pesa ikaingia, tena na ya kutolea juu yake.

Februari 25

Siku za kusuka 10 kwa wiki mbili. Vikapu viwili vimelipiwa, vyote kwa 38,000. Nimepata oda ya misala miwili kutoka Muscat, Oman, kwa mama mmoja mzaliwa wa Unguja aliyehamia kule na watoto wake. Anataka ifike kabla ya Ramadhani. 60,000 kila mmoja. Kuna mtu wa mtaani kwetu anasafiri Machi 4, atabeba. Naharakisha.

Machi 24

Neno la mwisho la ukurasa uliopita ndilo lililoniponza.

Usiku mmoja baada ya tarawehe, mama wa Muscat alinitumia ujumbe wa sauti. Alizungumza taratibu, wala hakupandisha sauti. "Mwanangu, msala mwekundu umetoa rangi. Baba ametoka kutawadha, miguu ina maji, kasimama juu yake, kasujudu. Kanzu nyeupe magotini imekuwa nyekundu." Akatuma na picha. Alama mbili za mviringo, wekundu wa maji ya ubuyu, palepale magoti yanapogusa.

Nilizima simu nikaiweka kabatini. Sikuifungua kwa siku mbili, na siku hizo hazimo kwenye mstari wa kusuka. Kila nilipogusa ukindu nililiona lile goti jekundu. Mtu yuko kwenye ibada, na kazi ya mkono wangu ndiyo inayomchafua.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamweleza. Hakunipa pole ndefu. Aliniuliza, "Ulisuuza mara ngapi?" Nikasema sikusuuza, nilitoa sufuriani nikaanika. "Ilichemka muda gani?" Nikasema kama dakika kumi. Akasema, "Basi hukutia rangi, ulipaka."

Sentensi ile ilinirudishia pumzi kuliko kubembelezwa kote. Kwa siku mbili nilikuwa nimejiambia kwamba mimi sifai. Yeye akaniambia kwamba dakika kumi hazitoshi. La kwanza halina dawa, la pili lina sufuria na saa.

Nilijaribu mara nne, chane (ukindu uliokwisha kuchanwa) zilezile, rangi ileile ya unga. Kipimo changu ni kitambaa cheupe cha pamba kilicholoweshwa, kusugua mara 20.

Jaribio la 1: dakika 10, kijiko kikubwa cha chumvi, bila kusuuza. Kitambaa kikawa chekundu kabisa.

Jaribio la 2: dakika 40, chumvi, kusuuza mara moja. Kitambaa cha waridi.

Jaribio la 3: dakika 40, chumvi na nusu kikombe cha siki, kusuuza mara moja. Waridi hafifu.

Jaribio la 4: kama la tatu, lakini nikaziacha chane zipoe humohumo sufuriani hadi asubuhi, kisha nikasuuza hadi maji yakatoka meupe. Yalitoka meupe kwenye beseni la nne. Nikaanika kivulini. Kitambaa kikabaki cheupe.

Rangi ya buluu nayo ilipita, ila ilihitaji mabeseni sita. Sasa hakuna ukili unaoanzwa kusukwa kabla chane zake hazijasuguliwa kwenye kitambaa, na kile kitambaa nakihifadhi ndani ya daftari kimeandikwa tarehe.

Nilimpigia mama wa Muscat, sikumwandikia. Nilimsalimu, nikamwambia kosa ni langu na nimelijua lilipo. Nikamrudishia 60,000, nikamwambia namsukia mwingine bila malipo, na kanzu naomba nilipie. Ya kanzu alikataa katakata. Msala mpya utaondoka na msafiri mwingine mwishoni mwa mwezi huu.

Gharama ya kosa: 60,000 zilizorudi, vifaa vya msala wa pili 16,000, siki, chumvi, rangi na mkaa wa majaribio 7,500. Jumla 83,500. Karibu ni mtaji wote niliouanzia.

Kisha nikafanya jambo lililonitisha kuliko yote. Niliweka video ya mabeseni manne yamepangwa, jekundu hadi jeupe, nikaeleza kwa sauti yangu kilichotokea bila kumtaja mteja. Nilidhani ndio mwisho wa duka. Watu saba waliandika kuulizia vikapu wiki ileile, na watatu kati yao walianza kwa kusema wameona mabeseni.

Aprili 14

Idi imepita, ilikuwa Jumatano tarehe 10. Tangu mwanzo wa Machi vikapu 9 vimelipiwa, na misala mingine miwili. Msala wa Muscat ulifika siku tatu kabla ya Idi, na baba mwenyewe alituma salamu.

Jambo moja dogo: vikapu viwili vilichukuliwa na majirani kwa mkopo, "nitakupa mwisho wa mwezi". Mmoja kalipa. Sikukopesha kwa ukarimu, nilikopesha kwa kushindwa kusema hapana ana kwa ana. Mtandaoni jibu langu lipo tayari, uso kwa uso sikuwa nalo. Sasa nasema, "Nikukatie kwa awamu mbili, ukimaliza unachukua." Hakuna aliyekasirika.

Mei 19

Mwezi mzito. Masika ya mwaka huu yalikuja na El Niño nyuma yake, na Mei 4 kimbunga Hidaya kikaingia pwani upande wa Mafia. Tanga hatukupigwa kama wa kusini, lakini boti za Unguja zilisimama na kikapu kimoja kikakwama Dar es Salaam kwa siku sita. Mteja alikuwa muungwana.

Mvua ilipotulia nilivuta vikapu vilivyokuwa chini ya kitanda. Vilikuwa 6, nimevifunga kwenye nailoni nzito nikidhani navikinga na unyevu. Nilipofungua la kwanza harufu ilinipiga usoni, harufu ya chumba kilichofungwa miaka. Ukungu wa kijivu umekaa kwenye mishono, ndani ya kila mkunjo wa ukili, na kwenye mikanda ya ngozi umekuwa kama vumbi la unga.

Nilikosea kufikiri. Ukindu una unyevu wake hata ukiwa mkavu, na nailoni iliufungia humohumo. Nilichofanya: kuvitoa kitambaa cha ndani, kusugua kwa mswaki mkavu nje ya nyumba, kupangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kuanika juani siku tatu. Vinne vimepona. Viwili vilikuwa vimeshabadilika rangi hadi ndani ya chane. Hasara ni 28,000 za vifaa na saa 32. Sasa vinakaa juu ya kamba karibu na dirisha, vimefunikwa kanga kuukuu, na kila kimoja kimejazwa magazeti.

Halafu Jumapili ya Mei 12 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na mtandao ukadorora nchi nzima. Nilikuwa nimeweka picha asubuhi. Haikupanda. Siku mbili tatu zile nilitambua kitu: sikuwa na wasiwasi. Nilisuka. Mwaka jana ukimya wa siku moja ulitosha kuniambia kwamba watu wamenichoka. Safari hii nilijua sababu ya ukimya, nikaenda kwenye mkeka wangu.

Nilitumia nafasi ile kuandika namba za simu za wateja wote waliowahi kulipa, 23, kwenye kurasa za nyuma za daftari. Instagram ikizimika hao bado ninao. Wanane niliwatumia meseji ya kawaida kuwajulia hali kwa mvua. Sikutaja kikapu.

Mwezi mzima kimelipiwa kimoja. Siku za kusuka 17.

Juni 23

Mteja kanitumia picha ya skrini: ukurasa mwingine unauza "vikapu original" kwa 22,000, na picha ni zangu, baraza langu, ukuta wangu wa chokaa, hata ufa wa kona ya kushoto upo.

Nilitetemeka kwa hasira. Nilimwandikia mwenye ukurasa kistaarabu. Hakujibu, akanizuia. Nikaripoti kwa Instagram. Picha mbili ziliondolewa, nyingine nne bado zipo. Usiku ule nilianza kutunga maneno ya kumwanika hadharani, nikayaacha hadi asubuhi, na asubuhi sikuyataka tena.

Nilijaribu kwanza kuandika jina la duka kubwa katikati ya kila picha. Ilikuwa mbaya, kikapu hakionekani. Nikaacha baada ya wiki.

Kilichofaa ni mkono wangu. Sasa kila kikapu kina picha mbili: moja kikiwa kimekwisha, na nyingine kikiwa bado ni ukili, vidole vyangu vinaonekana vikipitisha chane, na kovu langu la shazia kwenye kidole cha shahada. Anayeiba picha ya kikapu hana picha ya kikapu kilekile kikiwa nusu. Wateja wameanza kuniuliza "hiki kimefika wapi?" kabla hakijakwisha, na viwili vimelipiwa vikiwa bado pima mbili. Juni hadi leo vimelipiwa 5.

Julai 14

Maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Dar es Salaam. Shoga yangu wa sabuni alinigawia pembe ya meza yake siku tatu. Nauli, chakula na mchango wa meza 74,000. Niliuza vikapu 7 palepale, na 2 kwa oda baada ya kurudi.

Nataka kuandika kitu kimoja tu. Mama mtu mzima, amevaa baibui, alikichukua kikapu, akakigeuza chini juu, akapitisha kidole cha gumba kwenye mshono wa kitako mzunguko mzima. Hakuangalia rangi wala mikanda. Akasema, "Huyu kafundishwa." Akakirudisha, akaenda zake bila kununua. Nilikaa na maneno yale hadi Tanga.

Agosti 18

Oda kubwa ya kwanza: nyumba ya wageni upande wa Pangani wanataka vikapu 20 vya taulo, bila ngozi wala kitambaa, masikio ya ukili. Wiki tatu. Tulikubaliana 34,000 kila kimoja, jumla 680,000, nusu mbele. Niliitamka bei kwa simu, nikanyamaza, wakakubali.

Peke yangu nisingeweza. Nilimwomba mama mdogo na majirani wawili wanisukie ukili, mimi nishone. Malipo 2,500 kwa pima. Niliwaambia ukili uwe wa vidole vitatu.

Siku ya tano nilikusanya mizigo, nikaanza kushona, na kikapu cha kwanza kikapinda upande. Nikafumua. Nikashona tena, kikapinda palepale. Nililaza kili zote sakafuni sambamba ndipo nikaona. Vidole vitatu vya mama mdogo ni vinene, ukili wake ni mpana. Vya jirani mmoja ni vya msichana, ukili wake ni mwembamba. Kila mtu alikuwa amesuka sawasawa na maagizo yangu.

Pima 18 hazikutumika kwenye oda. Nilizilipia zote, 45,000, kwa sababu kipimo kibaya kilitoka kwangu. Jirani mmoja alianza kuniomba radhi, nikamkatiza, nikamwonyesha vidole vyangu na vyake tukivilinganisha. Nikakata vijiti vinne vya sentimita 5 kutoka ubao mmoja, kila msukaji na chake. Kuanzia hapo kili zote zimelala sawa. Zile pima 18 ninazigeuza kuwa vikapu vidogo na vipepeo vya kupepea.

Hesabu: vifaa 180,000, wasukaji 220,000 pamoja na zile 18, usafiri 12,000. Nimebaki na 268,000 kwa saa zangu 134, yaani 2,000 kwa saa. Ndiyo saa ghali kuliko zote tangu nianze, na pia wanawake watatu wamepata pesa yao taslimu mkononi siku ileile waliyoleta kazi. Mama mdogo alihesabu zake mara mbili, akazifunga kwenye pembe ya kanga, akaniuliza oda nyingine lini.

Septemba 15

Wiki 36. Siku nilizosuka 171. Picha nilizoweka 94. Vilivyolipiwa: vikapu 52, misala 4. Jirani mmoja bado ana deni langu la Aprili.

Makosa ya fedha niliyoyaandika humu: bando la Januari 11,000, rangi 83,500, ukungu 28,000, pima 18 ni 45,000. Jumla 167,500. Anayetaka kunakili kazi hii aanze na kitambaa cheupe, kamba ya kutundikia na kijiti cha sentimita 5. Vyote vitatu havifiki 3,000.

Wiki hii mtu mwingine ameandika chini ya picha kwamba bei yangu ni ya watalii. Niliisoma mara moja, mchana, nikiwa nimekaa. Moyo ulishtuka, siwezi kusema haukushtuka. Nikafungua ukurasa wa Februari 11, nikazitazama zile saa 16 na ile 14,000, nikamjibu kwa jibu langu fupi pamoja na bei ya kidogo. Bado hajajibu. Nimesuka pima moja na nusu baada ya hapo.

Kilichopo sufuriani sasa hivi: mama mdogo anasema zamani ukindu mweusi wa mikeka ulipatikana kwa mdaa, mti unaotoa rangi, si kwa rangi ya dukani. Amenipa fungu la kujaribia. Chane nimezilowesha jana jioni, leo zimetoka na weusi wenye hudhurungi ndani yake, bado hazijasuuzwa. Beseni la kwanza ni kesho asubuhi, na kitambaa kiko tayari kimeandikwa tarehe.